Kamanda Anaogopa Kuku

Mke wangu alimpa mama yake mbwa kwa simu. Ilikuwa jioni moja ya Januari, mimi niko mezani natoa miiba kwenye ngege, na sauti ya mama mkwe ilikuwa inanifikia bila spika: wezi wamemaliza kuku wake wote kule Tororo, wamembakishia jogoo mmoja tu, na huyo naye amesalimika kwa sababu ya kukonda. Mke wangu, bila hata kunitupia jicho, akasema, "Mama, sisi tunaye mbwa. Anaitwa Kamanda. Pasaka tutakuletea."

Upande wa pili kukawa kimya. Kisha mama akalirudia jina polepole, Ka-ma-nda, kama mtu anayeonja mchuzi. Nikajua mambo yameharibika. Jina hilo peke yake lilikuwa limeshakamata wezi wawili na kumvunja wa tatu mguu.

Kamanda anaogopa kuku.

Anaogopa pia mwavuli ukifunguliwa, na mwavuli ukifungwa. Anaogopa ufagio, toroli, mtu aliyevaa kofia, na mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, lakini sisi tunaishi Busia, na mfuko wa plastiki ukitaka kuvuka kutoka ng'ambo hausimami kuonyesha kitambulisho. Zaidi ya yote anaogopa bodaboda, na hapo ndipo aibu yetu ilipo. Sisi watu wa Busia tunajihesabu kuwa ndio wenye bodaboda. Miaka ya sitini vijana wenye baiskeli walikuwa wakibeba watu na mizigo katika kile kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe, kati ya kizuizi cha Kenya na kizuizi cha Uganda, wakiita abiria "boda-boda", na neno hilo likaenea Afrika Mashariki nzima. Watu wa Malaba wana hadithi yao kuhusu jambo hili, waache nayo. Mbwa wa Busia kuogopa bodaboda ni kama mvuvi wa Port Victoria kushikwa na kizunguzungu akiona ziwa.

Kwa hiyo nilikuwa na miezi mitatu ya kumtoa mbwa huyu uoga, au ya kutafuta mbwa mwingine wa kahawia anayefanana naye. Nilifikiria hilo la pili kwanza.

Kosa, nikisema kweli, lilikuwa langu na la mzee jirani. Kamanda tulimpata akiwa na wiki sita, mviringo kama andazi, anamfuata kila mtu. Mzee jirani, ambaye amefuga mbwa tangu kabla sijazaliwa, akanitahadharisha: "Kijana wangu, mbwa wa kulinda haonyeshwi watu. Akizoea watu, amekwisha. Mfunge nyuma ya nyumba." Akaniagiza pia nimtilie pilipili kwenye ugali ili moyo uwake. Nilitii yote. Pilipili ilimpigisha chafya wiki nzima, moyo haukuwaka. Kwa muda wa miezi minane Kamanda alikaa chini ya mwembe, nyuma ya uzio wa mabati, akiitazama dunia kupitia ule mwanya wa chini. Dunia aliyoijua yeye ilikuwa ni miguu inayopita na sauti zisizo na wenyewe. Tulipomfungulia siku ya kwanza, aliona kwamba juu ya kila jozi ya miguu kuna kitu kirefu kinachotikisika na kusema. Nadhani hajapona mshtuko huo mpaka leo.

Aliyenifumbua macho ni daktari wa mifugo, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Watoto walikuja na mbwa wao, wengine wamefungwa kwa kamba ya katani, wengine kwa waya, mmoja kwa tai ya shule. Mimi nilifika nimembeba wangu mikononi, kilo kumi na nane, kama mgonjwa wa malaria anayekimbizwa zahanati. Daktari, binti mmoja mwenye gambuti, akamdunga sindano. Kamanda hakuihisi. Macho yake yote yalikuwa kwa bata mzinga aliyekuwa akipita kule mwisho wa uwanja.

Nilimweleza daktari shida yangu kwa kunong'ona, ili wenye mbwa wengine wasinisikie. Hakucheka. Aliuliza tu mbwa alilelewa vipi. Nikamsimulia kuhusu mwembe, mabati na pilipili. Hapo akacheka.

Alinieleza kwamba kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili au kumi na nne, mtoto wa mbwa huipokea dunia jinsi inavyokuja: watu, watoto, pikipiki, ng'ombe, kofia. Anachokutana nacho katika wiki hizo bila kuumizwa hukihesabu kuwa cha kawaida maisha yake yote. Wiki hizo zikipita, kila kipya kinaingia kama mwizi. "Sasa huyu ana wiki ngapi?" akauliza. Nikahesabu kwa vidole vya mikono, nikaazima vya miguu. Zilikuwa zinakaribia sitini.

Kisha akaacha mzaha. Alisema watu wakisikia mtoto ameumwa hudhani mbwa yule ni jabari, kumbe mara nyingi ni mwoga aliyebanwa pembeni akakosa pa kukimbilia. Na kichaa cha mbwa hakiulizi aliyeuma alikuwa jasiri au la. Ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishatokea hakuna dawa. Ndiyo maana wanahangaika kufikisha chanjo walau kwa mbwa 70 katika kila 100, na ndiyo maana aliyeumwa anatakiwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu akimbilie hospitali akachanjwe, si kwa mganga wala kwa jirani mwenye mawaidha. Hilo la jirani alilisema huku akinitazama mimi.

Dawa aliyonipa ilinishangaza kwa upole wake. "Kaka, tafuta kitu anachokiogopa, kisha kaa mbali nacho. Mbali kabisa, mpaka aweze kula. Kitu kikitokea, mpe chakula. Kikiondoka, chakula kiishe. Kesho sogea hatua mbili. Akikataa kula, ujue umesogea mno, rudi nyuma. Usimvute. Usimchape. Na acha kumbeba."

Akanifundisha pia kumsoma, na hapo nilijisikia mjinga hasa. Mwaka mzima nilikuwa nikidhani Kamanda ni mvivu, maana kila mgeni akija yeye hupiga miayo. Kumbe mbwa mwenye wasiwasi hupiga miayo. Hulamba pua wakati hakuna chakula. Huinua mguu mmoja wa mbele na kuusahau hewani. Hugeuza uso pembeni huku jicho limebaki kwa adui, mpaka weupe wake ukaonekana kama mwezi mchanga. Hayo yote Kamanda alikuwa akiniambia kila siku, nami namjibu, "Nenda ukalale basi kama una usingizi."

Chakula tulichochagua ni omena. Kijana wetu wa kidato cha tatu akasema hayo ni mambo ya Pavlov, yule Mrusi aliyewafanya mbwa watokwe na mate kabla hawajaona chakula. Nikasoma kidogo. Ivan Pavlov alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, na hakupewa kwa habari ya mate yale bali kwa utafiti wa namna chakula kinavyosagika tumboni. Lakini sikusoma popote kwamba paka wa mji mzima walimfuata Pavlov nyumbani. Mtu akitembea Busia na robo kilo ya omena mfukoni, baada ya siku tatu anatambulikana. Nilikuwa nikigeuka nyuma naona paka wanne wamepanga foleni kama abiria. Na Kamanda, niongeze, anaogopa paka.

Kazi yangu ni kutoa fotokopi na kuwajazia watu fomu, kwenye kibanda kilichoko kando ya barabara inayoelekea mpakani. Saa kumi na moja jioni nilikuwa nafunga, namchukua Kamanda, tunakwenda kukaa kwenye kigogo, hatua kama themanini kutoka steji ya bodaboda, mahali unapoiona pia foleni ya malori. Pikipiki ikiwaka, omena. Ikiondoka, hakuna omena. Lori likipumua breki zake, pshhh, omena mbili. Wiki ya kwanza Kamanda alikula akiwa amefunga macho. Daktari hakuwa ameniambia kama hiyo inahesabika, nikaihesabu.

Sasa, msomaji, hebu jifanye wewe ni mpita njia wa Busia. Huu ni mji ambao kila mtu ana kitu amebeba, na si kila kitu kina karatasi. Unamwona mtu mzima, kila jioni, saa ile ile, ameketi anaitazama barabara. Hasemi na mtu. Ana mbwa. Na kila pikipiki yenye mzigo ikipita, anatia mkono mfukoni.

Wiki ya pili watu wakaanza kunisalimia kwa heshima nisiyoizoea. Wiki ya tatu kijana mmoja mwenye magunia kwenye baiskeli alituona, akasimama, akaigeuza baiskeli kama aliyekumbuka ameacha maji jikoni. Jina nalo likazidisha balaa. Nilikuwa nikimtuliza mbwa kwa kusema "Tulia, Kamanda", na waliokuwa mbali walisikia Kamanda tu, wakabaki kukisia ni yupi kati yetu. Siku moja kamba iliniponyoka, nikaita kwa sauti. Wakageuka polisi wawili na mlinzi wa benki, mbwa hakugeuka. Watu wakakubaliana kwamba huyo ni mbwa wa kunusa, aliyeletwa kutoka Nairobi. Na ile tabia yake ya kuficha kichwa kwapani mwangu? Mafunzo hayo, wakasema. Anajifanya.

Jioni moja mama mboga aliniletea ndizi tatu, akakataa pesa, akaniinamia sikioni: "Mimi yangu ni nyanya tu, Kamanda. Nyanya na vitunguu."

Wateja wangu wa fomu wakapungua nusu.

Aliyetuokoa ni mwanamume mmoja mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, zile zinazoendeshwa kwa mikono. Wafanyabiashara na wabebaji wenye ulemavu wamezitumia mpakani hapa kwa miaka mingi. Utaziona zimejazwa mizigo mpaka mwenyewe haonekani, na nyuma kuna vijana wawili wanasukuma. Huyu alikuwa akipumzika karibu na kigogo chetu kila akirudi kutoka ng'ambo. Hakuwahi kumtazama mbwa. Aliketi tu, uso kwenye barabara, akila andazi kwa mkono mmoja, mwingine ukining'inia kando ya gurudumu, usawa wa pua ya Kamanda kabisa.

Siku ya nne Kamanda alinyoosha shingo. Miguu ya nyuma haikuondoka ilipokuwa, imejikunja tayari kwa kutoroka, lakini mwili ulirefuka kama mpira wa manati na pua ikatangulia peke yake. Ikavifikia vile vidole, vigumu, vyenye sugu ya miaka ya kuzungusha vishikio. Ikavuta hewa mara tatu. Ikarudi. Yule bwana akaendelea kutafuna. Kitambo kidogo pua ikaenda tena, na safari hii ulimi ukafuata, ukachukua chembe ya andazi kwenye ukucha. Mimi nilikuwa sipumui.

"Huyu si mbwa wa serikali," akasema yule bwana, bado anatazama malori.

"Umejuaje?"

"Mbwa wa serikali haombi ruhusa."

Keshoye habari zilikuwa zimeenea. Wateja walirudi, na mama mboga akaanza tena kuniuzia ndizi.

Pasaka ikafika. Kamanda kwa wakati huo alikuwa anakula omena hatua kumi na tano kutoka kwenye steji, macho wazi, na alikuwa na rafiki mmoja duniani. Kuku tulikuwa hatujawagusa. Niliona tuanze na vyenye injini.

Sisi wanadamu mpaka huu umeturahisishia. Tangu Januari 2014 Mkenya na Mganda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa, na tangu Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipofungua rasmi kituo cha pamoja Februari 2018, unashughulikiwa mara moja tu, upande unaoingia. Mbwa bado ni mgeni: anatakiwa kuwa na cheti cha chanjo na kibali cha daktari wa mifugo. Kamanda alifika dirishani na karatasi nyingi kuliko mimi na mke wangu tukijumlishwa, kila moja nakala tatu, maana mashine ni yangu. Afisa akasoma jina. Akainama kumtazama mbwa aliyesimama katikati ya miguu yangu. Akalisoma jina tena, akagonga muhuri bila neno. Pa! Kamanda akaruka, akaangalia huku na huku, halafu akaninyooshea pua kudai omena. Nilimpa tano.

Hatua chache mbele, tukiwa tumeshaingia Uganda, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya hadharani: aliinua mguu kwenye nguzo. Mbwa mwoga hathubutu. Hujikunyata akamaliza haraka mahali pa siri. Mke wangu alitazama pembeni kwa aibu, lakini mimi machozi yalinilengalenga. Tangu Idi Amin alipodai, Februari 1976, kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda, sidhani kama kuna aliyetangaza ardhi ya jirani kuwa yake waziwazi namna ile. Kamanda angalau alikuwa analipa deni.

Kwenye taksi, maana ng'ambo ndivyo wanavyoiita matatu, kondakta alimtoza nauli ya gunia. Tuliketi nyuma kabisa karibu na mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe, ambaye kwa dini yake hakutaka mate ya mbwa yaguse nguo anayosalia. Kumbe hao wawili ndio walioelewana kuliko wote garini: kila mmoja alijibana upande wake, akiomba mwenzake asimguse. Kamanda alitapika mara moja tu, kwenye kiatu changu, kwa adabu. Tulipoliona Jiwe la Tororo limesimama peke yake juu ya mji, nilisema moyoni kwamba sehemu ngumu imekwisha.

Hapa lazima nitaje jambo ambalo mke wangu, mzaliwa wa Tororo, hakuwahi kulitaja katika miaka yote ya ndoa yetu. Kwa miaka kumi, kuanzia 1967 hadi 1976, Tororo ilirekodi wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, hesabu iliyoufanya mji huo utajwe katika rekodi za dunia. Unyevu unatoka Ziwa Victoria, jua linaupandisha, na ikifika alasiri mbingu inajibu. Ukitoa 251 kwenye 365, zinabaki siku 114 za kupumua. Na mimi nilikuwa nimempeleka huko, katikati ya masika, mbwa anayeogopa mwavuli ukifungwa. Nilipomuuliza mke wangu baadaye kwa nini hakuniambia, alijibu, "Uliniuliza?"

Mama mkwe alitupokea vizuri. Mimi na yeye tuna heshima zetu: hatushikani mikono, hatukai mkeka mmoja, na akitaka kuniambia kitu anamwambia binti yake, hata kama niko hatua tatu. Alimtazama Kamanda kwa muda mrefu. Kamanda akapiga mwayo. "Amechoka na safari," mama akamwambia binti yake, nami sikumsahihisha. Mke wangu akatoka kwenda kuwaamkia majirani. Mama akaketi barazani kuchambua maharage, nami nikakaa mlangoni, mbali inavyotakiwa, nimeifunga kamba ya mbwa mara mbili kwenye kifundo cha mkono, kwa usalama.

Ngurumo ya kwanza haikunguruma. Ilipasuka, kama lori lililoangusha shehena ya mabati juu ya paa la jirani. Nilihisi mkono wangu ukiniacha. Nilipopata akili nilikuwa nimeketi sakafuni, mkono mmoja umenyooka mbele yangu, na kamba imekaza kama waya wa simu, inakatiza sebule, inapita chini ya pazia, inaingia chumba cha kulala cha mama mkwe.

Kwa desturi zetu, mkwe mwanamume haingii chumba hicho. Haingii akiitwa. Hata nyumba ikiungua, anasimama nje na kutoa ushauri. Nikajaribu kufungua fundo. Fundo lilikuwa limejifunga kama lililoapa. Nikafikiria kuvuta, nikakumbuka maneno ya daktari, na kwa vyovyote mtu unavutaje kitu kutoka chini ya kitanda cha mama mkwe? Kwa hiyo nilibaki pale, nimefungwa mkono kwenye kitanda nisichoruhusiwa hata kukiona.

Mvua ikashuka. Mama hakuacha kuchambua maharage. Kwa kuwa binti yake hakuwepo wa kutusemea, ilibidi aseme moja kwa moja, uso ameuelekeza kwenye mvua.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Huyo ndiye Kamanda?"

"Ndiye, mama."

Ngurumo nyingine. Kamba ikanivuta nusu hatua kuelekea kwenye pazia.

"Na wezi wakija wakati wa mvua?"

Sikuwa na jibu, na hakuonekana kulingojea. Akaweka ungo chini, akanipita akiwa amegeuza uso, akaingia chumbani. Nikasikia kitanda kikilia. Kisha nikamsikia akimsemesha mbwa kwa Kipadhola, sauti ya chini, maneno tusiyoyaelewa mimi wala Kamanda. Kamba ikalegea.

Mke wangu aliporudi, ameloa, alinikuta hivyo. Alinitazama mimi. Akaitazama kamba. Akaifuata kwa macho taratibu, sebule nzima, mpaka kwenye pazia la mama yake. Hakuuliza kitu. Alikwenda jikoni akaleta kisu.

Kamanda alilala huko huko usiku ule. Asubuhi mama aliripoti, kupitia kwa binti yake, kwamba mbwa anakoroma, na kwamba amemfikiria. "Huyu si wa kulinda," akasema. "Huyu ni wa kulindwa. Rudini naye." Halafu, kwa kuwa mkwe hawezi kuondoka mikono mitupu wakati yeye yuko hai, akatukamatia jogoo. Yule yule. Nilipinga kwa adabu zote ninazozijua, na adabu hairuhusu kupinga zaidi ya mara mbili. Yaani tulikwenda Tororo kumwongezea mama ulinzi wa kuku, tukarudi tumemaliza kuku.

Safari ya kurudi ilikuwa darasa ambalo nisingeweza kulipanga. Jogoo alikuwa ndani ya katoni iliyotobolewa, kichwa nje, mapajani mwa mke wangu. Kamanda alikuwa kati ya magoti yangu. Hakuna hatua themanini ndani ya taksi. Kilometa za kwanza Kamanda alikataa omena, akapiga miayo mpaka abiria wawili wakaambukizwa. Jogoo alimtazama kwa jicho moja, kisha akageuza kichwa akamtazama kwa jicho la pili, na hakuona kitu kinachofaa kuogopwa. Tulipokaribia mpaka, Kamanda alichukua omena moja kwenye kiganja changu, haraka, kama anayeiba. Kisha nyingine. Kwenye kituo, afisa akapokea karatasi za mbwa, akaridhika nazo, akauliza: "Na jogoo?" Mimi ninayekula kwa kuwajazia wenzangu fomu nilikuwa sina hata karatasi moja ya jogoo. Nilikaa kwenye benchi la ofisi ya mifugo mpaka jioni, mbwa upande huu, katoni upande huu, na kufikia saa kumi na moja wote watatu tulikuwa tunakula omena.

Jogoo bado tunaye, na amenenepa. Anashinda chini ya mwembe, pale pale Kamanda alipofungwa, na Kamanda humpisha njia lakini hakimbii tena. Bodaboda ameziweza, isipokuwa zile zenye miavuli. Wiki iliyopita alibweka kwa mara ya kwanza tangu tumpate, mbweko mmoja, mzito, uliomshtua yeye mwenyewe. Aliyebwekewa ni mzee jirani, ambaye amefurahi sana na anasema ni ile pilipili.

Kwa hiyo ukipita Busia jioni, upande wa Kenya, ukamwona mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililolala, ameketi kando ya mtu anayenuka omena, tafadhali usimpigie mluzi. Usimkodolee macho, wala usimwinamie kumpapasa kichwani. Pita ubavu ubavu, polepole, kana kwamba hujamwona. Na kama umevaa kofia, ivue.